Karai Linaloyumba

Mteja wangu wa kila Jumamosi amerudi dukani, mara ya sita sasa, na karai la mamake la kukaangia tambi amelifunga kwenye kitambaa cha batiki. Analifungua, analiweka juu ya jiko la umeme la kioo; kitako chake cha mviringo kinayumba. Analihamishia la gesi, linatulia. Kisha anazima swichi ya hilo la gesi, anasogea, anarudi kuigusa tena, na jiko lenyewe halina hata mtungi.

“Anti, chukua la gesi tupumzike.”

“La umeme linajizima lenyewe?”

“Nimekujibu Jumamosi tano, Anti: linajizima.”

“Mume wangu siku hizi anawasha, halafu anasahau.” Anapapasa ukingo wa karai kwa kidole gumba chenye kovu la moto. “Nifungie la umeme.”

Namfungia. Karai analiacha juu ya la gesi. Mlangoni anageuka, nadhani anarudia karai. Anagusa swichi ya la gesi tu, anaondoka.