Tawi Mlangoni kwa Bi Youa

Kwa miaka kumi na moja nesi Chansouk alipanda mlima wa Wahmong, kaskazini mwa Laos, kisanduku cha chanjo kikiwa mgongoni, na miaka yote hiyo Bi Youa alimfungia mlango. Kisha dondakoo likamchukua mjukuu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, bibi yule mkaidi alimpakata mwenyewe mjukuu wa pili, Tou, akasema, "Haya, mchome. Huyu akifa, usipite tena hapa."

Siku ile Chansouk alichanja watoto tisa. Bi Youa akamfungia mayai mawili ya kuchemsha ya kula njiani, naye akashuka mlima roho kwatu.

Furaha yenyewe haikufika jioni. Zahanatini aliitikisa chupa iliyosalia, na chembe nyeupe zikazama chini upesi. Chanjo ilikuwa imeganda, na chanjo ya aina ile ikishaganda haifai kitu. Kosa lilikuwa lake. Siku zote huziacha pakiti za barafu nje mpaka zitoe jasho, ndipo azipange kisandukuni. Safari hii, kwa kuogopa jua la mwezi wa nne, alizitoa kwenye friza na kuzibananisha na chupa papo hapo. Nesi mzima, na kosa la mwanagenzi!

Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Lakini kila akifumba macho alimwona Tou, hana kinga yoyote, na bibi yake akiamini anayo. Siku ya pili akapanda tena na chupa mpya.

Akina mama wanane walimsema vibaya, na walikuwa na haki, ila watoto wakawatoa. Mlangoni kwa Bi Youa palining'inia tawi bichi. Tou alikuwa amepata homa usiku, mganga akaiita roho yake irudi, na nyumba ikafungwa siku tatu. Mgeni havuki tawi, awe nani. Chansouk akasimama nje, akaungama kosa lake kwa sauti kubwa ili lisikike ndani.

"Jana uliniambia ni dawa," Bi Youa alijibu toka ndani. "Leo waniambia ilikuwa maji. Na hiyo uliyobeba sasa, nitaijuaje?"

"Bibi, ningekuwa mwongo ningekaa kwangu."

"Ungekaa kwako, mwanangu, mimi ningelala usingizi."

Maneno hayo yakamuuma Chansouk kuliko matusi, akashuka mlima na chupa yake.

Alirudi baada ya siku tatu, akalikuta tawi. Akarudi wiki iliyofuata. Safari ya nne majani yalikuwa mabichi, yamekatwa asubuhi ileile. Mai, mama yake Tou, alikuwa bombani akichota maji, mtoto mgongoni. Hatua mbili tu toka aliposimama Chansouk.

"Homa ilikwisha siku nyingi, dada," Mai alisema kwa sauti ya chini. "Tawi hilo ni lako."

Akamtazama Chansouk, akautazama mlango wa mama mkwe wake, akajitwika ndoo na kuingia ndani na mtoto.