Dua ya Duka la Dawa

Mwenye duka la dawa tulilozoea hapa mjini ni mcha Mungu, na huo ndio uliokuwa msiba wetu. Ukutani amebandika maandishi makubwa: Siri ya mgonjwa ni amana. Na kwa haki ya Mungu, hasengenyi. Hajawahi kukaa akasema fulani ana hiki, fulani ana kile. Yeye hukuombea dua tu. Ukishapokea dawa huinua mikono, akakutaja wewe na baba yako, akataja na maradhi kwa ufasaha asije Mola akachanganya watu, na wazee walioketi barazani nje huitikia amin. Nimewahi kusikia bawasiri ya mtu mzima na heshima zake ikiombewa hivyo, mwenyewe kasimama pale anatazama viatu.

Mdogo wangu ana kifafa. Humeza vidonge vyake kila siku, na tangu avianze hajaanguka. Alikuwa ameposwa na kijana wa mtaa wa Wiyoni. Kijana aliambiwa yote mapema, akasema yeye anaoa mtu, haoi maradhi. Mama yake ndiye hakuambiwa, maana ni wa wale wanaosema kifafa ni jini, na jini huhama na bibi harusi. Tukakubaliana kijana amwambie mwenyewe, polepole.

Harusi ikikaribia, vidonge vikaisha hospitali. Nikaenda mimi dukani, nimejitanda buibui, uso nimefunika, yamebaki macho. Nikanong'ona jina la dawa, akanipa, nikageuka haraka.

"Ngoja, Bi!" akaniita, kumbe sauti yangu ameijua. "Hii si ya yule mdogo wako anayeolewa? Binti wa marehemu mwalimu?" Mikono ikapaa. "Yaa Rabbi, mwondolee kifafa chake kabla hajaingia nyumba ya watu!"

"Amin!" wakaitikia barazani. Aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote alikuwa mjomba wa yule kijana, ndugu wa mama mkwe. Wallahi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wiki haikuisha. Walikuja wanawake wawili watu wazima kutoka kwa akina kijana, wakanywa kahawa yetu, wakasifu kaimati, wakasema labda hii haikuandikwa. Maradhi hayakutajwa. Adabu tupu! Kijana akapiga simu analia, eti mama amesusa kula, naye hawezi kumuasi mama. Mdogo wangu alizikunja nguo zake za harusi moja moja. Roho iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Nikamwendea mwenye duka nimewaka. Nikamuuliza ile amana ya ukutani ni ya nani. Maskini, alishangaa kwa dhati.

"Bi, mimi sikumwambia mtu. Nilimwambia Mwenyezi Mungu."

"Kwani Mungu ni kiziwi?"

"Astaghfirullah! Usikufuru." Kisha, kunipoza, akaahidi kumuombea mdogo wangu mume mwingine. Nikamwambia athubutu!

Vidonge vilipokwisha tena, nilisema nitavuka maji hadi Mokowe nikatafute huko, ambako hakuna anayetujua. Mdogo wangu akakataa. Akavaa, akashika njia kwenda mwenyewe, nami nyuma yake mbio mbio nikimsihi arudi. Baraza ilikuwa imejaa, na yule mjomba mtu yupo. Mdogo wangu akasimama mlangoni pa duka, akatoa salamu vizuri, akaitikiwa. Kisha akapaza sauti mpaka wapita njia wakasimama.

"Nimekuja kuchukua dawa yangu ya kifafa. Ile iliyonivunjia posa."

Barazani hakuna aliyeinua uso. Mwenye duka jasho lilimtoka. Akainama juu ya meza yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamsikia akinong'ona.

"Taratibu, mwanangu. Watu watasikia."