Meneja Aliyeomba Mkimbiaji Wake Ashindwe

Ukimuuliza mtu wa Garissa wa umri wangu juu ya Hirsi Salat, atakuambia alikuwa dubas, yaani askari wa kilemba chekundu, akafukuzwa kazi kwa sababu ya uongo. Ni kweli. Lakini uongo wenyewe ulikuwa wa nini, wengi hawajui. Mimi nimezunguka sana nchi hii, na kila nilipopita Garissa nilifikia kwake. Alinisimulia mara nyingi, na kila mara alishusha sauti mahali palepale.

Hirsi alizaliwa upande wa Diff, katikati ya ngamia. Shule alikaa miezi kumi na minne tu, ila ilimtosha kusoma barua. Miaka ya hamsini na kidogo akaja mkuu wa wilaya aliyependa michezo kuliko chakula, akamwita. "Hirsi, utakuwa meneja wa wanariadha wetu." Hirsi hakujua meneja ni mnyama gani. Akaelezwa kwamba ni mtu wa kuhakikisha vijana wamekula, wamelala, na wamerudi salama. Akasema basi, hiyo ni kazi ya mchungaji, naiweza.

Vijana wake waliochaguliwa kwenda Kampala, kwenye mashindano ya Kenya, Uganda na Tanganyika, walikuwa wawili tu. Jelle alikimbia maili tatu. Nunow alitupa mkuki. Walikuwa wa koo mbili tofauti zinazonyweshea visima vimoja, na tangu utotoni walikuwa marafiki wa kutukanana.

"Warya Jelle," Nunow alimwambia ndani ya treni, "wewe unajua kukimbia kwa sababu kwenu hamna ngamia wa kupanda."

"Na wewe unatupa mkuki mbali," Jelle akajibu, "kwa sababu unaogopa kumkaribia fisi."

Walipofika Kampala na kuona kijani kila mahali, Nunow aliinama akang'oa majani, akayanusa. "Adeer Hirsi," akamwita, yaani ami, "haya yote yanaliwa na nani?" Wakacheka mpaka wakakaa chini. Hirsi aliniambia kwamba kicheko kile ndicho cha mwisho alichowasikia wakicheka pamoja.

Alhamisi asubuhi ililetwa simu ya maandishi kutoka bomani Garissa. Hirsi akaisoma polepole, kidole juu ya kila neno. Ilisema kumekuwa na vita kisimani. Awil, kaka mkubwa wa Nunow, ameuawa, na aliyemuua ni mtu wa ukoo wa Jelle. Usiwaambie mpaka mrudi.

Sasa, kwa wafugaji habari si mali ya mtu mmoja. Watu wakikutana njiani, kabla ya maji, kabla ya kivuli, mmoja huuliza "Warran?", yaani toa habari, na mwenzake hutoa yote aliyonayo, ya mvua, ya majani, ya wagonjwa, ya wafu. Mwenye kuficha ni kama mwizi. Mchana ule vijana walitoka mazoezini wakamuuliza kama kawaida yao, "Warran, adeer?" Naye akajibu, "Nabad. Amani tu."

Usiku hakulala. Hakumwogopa Nunow kwa hasira yake, maana kijana hakuwa na hasira nyingi. Aliogopa desturi. Huko kwao, damu isipolipwa kwa ngamia, hawamtafuti aliyeua. Aliyeua huenda ni mjinga fulani, mchunga mbuzi asiye na jina, na kumchukua yule kwa mtu kama Awil ni kupunjwa. Wanatazama ukoo mzima na kuuliza: mbora wao ni nani? Huyo ndiye anayelingana na marehemu wetu.

Na mbora wao ni nani, Hirsi akajiuliza, akimtazama Jelle amelala chali, miguu imetoka nje ya blanketi. Mwaka jana Jelle alikuwa kijana kama vijana. Ni nani aliyempa viatu, akampeleka Nairobi, akampigia makofi mpaka jina lake likaimbwa na wanawake kisimani? Mimi, alijijibu. Mimi ndiye niliyemnenepesha. Jumamosi akishinda mbele ya nchi tatu, atakuwa amepanda bei mpaka mwisho.

Hapo ndipo alipoinuka, akatawadha, akaomba dua ambayo nadhani hakuna meneja mwingine aliyewahi kuiomba: Mola wangu, mfanye ashindwe.

Ijumaa Nunow alikwenda mjini kuswali, akanywa chai katika duka la nyama la Wasomali. Aliporudi hakumtania mtu. Hirsi akamtazama, akajipa moyo: amechoka tu. Alasiri akaitwa kutupa. Mkuki uliondoka mkononi mwake kimya, ukapita alama za watu wote, ukasimama ukitetemeka mahali ambapo mpimaji hakuwa amefika na kamba yake. Watu walipiga kelele. Nunow hakutabasamu. Alikuja moja kwa moja kwa Hirsi.

"Adeer, kesho Jelle atashinda?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nataka kujua tu."

Jumamosi Hirsi alimwendea Mzungu aliyekuwa mkuu wa timu yote, akasema Jelle anaumwa tumbo. Mzungu akamwita Jelle, akamminya tumbo, akacheka, akamwambia aende akavae viatu. Hirsi akamfuata kijana nyuma ya hema.

"Jelle, sikiliza. Leo usiende mbele. Kaa wa nne, wa tano. Maliza tu."

"Unasema nini?"

"Nasema uniheshimu."

"Nani amekununua?" Jelle akamwangalia kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya kiatu. "Waganda? Adeer Hirsi, niambie sababu moja, nami nitatembea kwa miguu hadi mwisho, wallahi. Moja tu."

Sababu ilikuwepo. Ilikuwa mfukoni, imekunjwa mara nne. Lakini Hirsi alikuwa askari miaka ishirini, na amri ni amri. Akanyamaza. Hapa ndipo aliposhusha sauti kila mara alipokuwa akinisimulia. "Ningesema," aliniambia, "angeshindwa. Nilinyamaza, akakimbia kwa hasira."

Alikimbia kweli. Mizunguko kumi na miwili, na kuanzia wa tatu hakuwa na mtu karibu naye. Kila alipopita mbele ya Hirsi aligeuza uso amtazame, makusudi, ndipo anaongeza mwendo. Watu elfu kadhaa walisimama kwenye viti. Hirsi peke yake aliketi, akiombea msuli ukatike, akiombea mvua, jiwe, chochote. Upande wa pili wa uwanja alimwona Nunow. Naye hakuwa akipiga makofi. Alisimama wima mikono kifuani, akimfuata Jelle kwa macho, kama mzee sokoni anavyomfuata dume linalozungushwa mbele yake.

Jelle alimaliza. Jina lake likatangazwa kwa kipaza sauti mara tatu.

Katika treni ya kurudi, karibu na Nakuru, Jelle alikuwa amelala na kikombe chake kikiwa miguuni. Nunow akaja kukaa kando ya Hirsi.

"Warran, adeer?"

"Nabad."

"Si nabad," Nunow akasema kwa upole. "Najua tangu Ijumaa. Wauza nyama wa Kampala walipata habari kabla ya boma lako. Sikulaumu, umeajiriwa. Lakini Awil hakuwa mtu wa kawaida. Nilitaka nione kama yupo kwao mtu wa kumtosha. Nimeona."

"Nunow, mwanangu. Mmelala chumba kimoja."

"Na tumekula sahani moja, ndiyo maana amelala sasa hivi bila wasiwasi. Simgusi mwenzangu wa safari. Safari ikiisha Garissa, imeisha." Akasimama, akajinyoosha. "Wewe ni mzee wangu, nisingependa usikie kwa watu wengine."

Akarudi mahali pake, akafumba macho.

Nakuru treni husimama muda mrefu. Hirsi alimwamsha Jelle, akamshusha kama wanaokwenda kununua chai, akamweleza yote nyuma ya tangi la maji. Jelle hakulia. Aliuliza tu, "Ungeniambia uwanjani, je?" Hirsi alimvisha koti lake la serikali, akamwonyesha njia ya kwenda kwa mjomba wake, ndugu wa mama, aliyekuwa na bucha mjini. Mjomba wa upande wa mama si wa ukoo, damu ile haimhusu. Treni ikapiga honi.

Nunow alifumbua macho akaona kiti kitupu, akageukia dirishani, akatazama nje mpaka Nairobi. Garissa, Hirsi aliandika kwamba mwanariadha mmoja aliteremka kununua chai, gari likamwacha. Siku zile za vibali na Hali ya Hatari, hakuna aliyeamini. Wakamvua kilemba. Alirudi kwenye mbuzi wa mke wake.

Wazee walikaa vikao miaka mingi juu ya Awil, na ngamia hawakukubaliwa. Jelle aliishi Nakuru kwa jina lingine. Hakukimbia tena hata kufuata ng'ombe wa kuchinjwa. Hirsi alikwenda kumwona mara moja, akakuta mtu mnene, shingo imezama mabegani, anahema akinyanyua kisu. Akafurahi mpaka akatokwa machozi, naye Jelle akadhani ni huzuni, akakasirika.

Hirsi na Nunow walikutana kila kiangazi, mifugo ikishuka mtoni. Walisalimiana vizuri, wakapeana habari zote, za mvua, za majani, za wagonjwa. Mwishoni, kila mwaka, Nunow aliuliza, "Na yule, bado anakimbia?"

"Amenenepa," Hirsi alijibu. "Humtambui. Mtu bure kabisa."

Nunow alichezea fimbo yake mchangani kidogo.

"Haya," akasema. "Mwambie asikonde."