Waya wa majani chai kwa mama: hesabu zilifika, gunia likabaki njiani

Wakuu, salamu kutoka Manga. Hii sikuhadithiwa, waya nilishika kwa mikono yangu mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa physics. Mama analima chai huku juu kwenye mteremko, na kituo cha kupimia majani kiko chini, ng'ambo ya kijito. Akichuma, anateremka na gunia mgongoni.

Magoti yake yamechoka. Akikaa, kuinuka ni mpaka aite malaika. Inaniuma sana.

Likizo hii nikaamua tuvute waya kutoka shambani hadi kituoni, gunia liteleze lenyewe kwa puli.

Nikashika biro. Method ni conservation of energy, ile ya form three. Waya nikauchukulia kama straight line. Friction, yaani msuguano, nikaandika "neglect", kama kawaida yetu darasani, na mama nikamwambia nimeitoa.

Jibu lilinitisha. Gunia lingefika na kasi ya boda boda iliyokatika breki!

Nikamweka mdogo wangu Ombati kule chini na godoro, alipokee. Mama akaomba kwanza. Sisi ni Wasabato, hata puli huombewa.

Nikaachilia. Gunia likaenda vizuri, watu kituoni wakashangilia.

Likapunguza mwendo.

Likasimama katikati, juu ya napier ya jirani, zile nyasi za ng'ombe, likawa linazunguka polepole. Waya ulikuwa umelegea kwa uzito, na puli yenyewe ina kutu.

Lori la kubeba majani pale kituoni likaanza kupiga honi, linataka kuondoka. Ombati bado amekumbatia godoro.

Mama akaniangalia. "Mwalimu, hiyo friction ulitoa, uliweka wapi?"

"Niliineglect, mama."

"Nyasae, Mungu wangu! Ulidharau yeye, sasa amekasirika."

Tukalegeza waya, gunia likashuka kwenye napier. Mama huyo! Akateremka, akalibeba mbio na magoti yale yale, akawahi lori. Mimi nilibaki juu na aibu, karibu nilie.

Baadaye nikarudia hesabu, friction ndani, mlegeo wa waya ndani. Tukainua nguzo ya juu, puli tukaipaka grisi. Siku hizi gunia linafika salama kabisa.

Funzo wakuu: unachokidharau kwenye karatasi utakikuta shambani.

Ila mama bado anateremka kwa miguu kila mara, kisha anapanda tena. Eti lazima ahakikishe gunia limefika.

Wenye mama wa aina hii, nyinyi mlitumia method gani? Mimi nimekwama.