Mpeleka Barua Aliyefeli Njia Yake Mwenyewe

Miaka ishirini na minane alipeleka barua kwenye vijiji vya makorongoni, na siku aliyostaafu aliegemeza baiskeli ukutani akamwambia mkewe, "Mama, mtu akifa ng'ambo ya korongo, tuma salamu za rambirambi. Mimi siendi tena."

Watu walimwita Breki, maana kwenye ule mteremko wa kona kumi na moja alimaliza mipira ya breki upesi kuliko soli za viatu. Barabara ilipoishia aliiacha baiskeli, akashuka kwa miguu hadi mtoni, akavuka daraja la kamba, kisha akapanda upande wa pili na mkoba begani. Taabu hiyo mkewe aliijua kwa moyo. Alisimuliwa kila jioni, huku akimkanda magoti.

Mwaka wa pili wa kustaafu wakaanza kuja wageni. Walikuja na baiskeli nyembamba kama miiba ya samaki, nguo zimewabana, migongo wameikunja kama watu waliodondosha sindano. Walipanda zile kona, wakafika juu hoi, wakapigana picha, wakashuka, wakapanda tena. Breki aliwatazama kutoka barazani.

"Wamesahau nini huko chini?"

"Wanajifurahisha," mkewe akamjibu.

"Kwenye ule mlima? Nani amewakosea?"

Wengine waliacha baiskeli na kushuka korongoni kwa miguu, na hapo halmashauri ikachangamka. Ikapigilia vibao vya kijani kutoka ukingoni hadi mtoni, cha kwanza kikiwa kimeandikwa NJIA YA TARISHI. Breki alikwenda kukisoma mara tatu. Njia ile aliifungua yeye, kichaka baada ya kichaka, kwa panga lake. Chini, kwa herufi ndogo, palikuwa na onyo: hakuna ruhusa kupita bila kiongozi mwenye kitambulisho.

"Yaani nipewe mtu wa kunionyesha njia yangu?"

"Si ukakichukue hicho kitambulisho," mkewe akasema. "Maneno ya nini?"

Mafunzo yalikuwa ya siku tatu, kwenye darasa la shule ya msingi. Mkewe alimsindikiza ili amsomee ubaoni, kwa kuwa macho yake ya mbali yalishaanza kumsaliti. Mkufunzi, kijana mpole aliyelijua korongo lote kupitia kompyuta, alisema madhali mama yupo, naye ajiandikishe. Kiti si kipo?

Siku ya mtihani swali la kwanza lilisema: ukipotea na wageni utachukua hatua gani tano? Breki akaandika, "Sijawahi kupotea." Akapata sifuri. La pili lilitaka dalili za mtu aliyechoka kupita kiasi. Akaandika, "Kustaafu." Sifuri nyingine.

Matokeo yalipobandikwa mlangoni, mkewe alikuwa wa pili. Breki alikuwa wa mwisho.

"Lakini huyu hajawahi kushuka huko hata nusu!" Breki alimlalamikia mkufunzi.

"Kweli, mzee. Ila nadharia yake ni safi."

Siku mbili Breki hakusema na mkewe, isipokuwa kuomba chumvi. Siku ya tatu mama alipangiwa wageni sita. Akamfuata barazani, utepe wa kitambulisho ameuzungushia vidole vyote.

"Baba, nitawapeleka wapi? Mimi nazijua hatua tano za kupotea tu."

Alitaka kukataa. Alishafungua kinywa. Akaiona ile mikono, akainuka kutafuta viatu.

Kwenye daftari la kituo aliandikwa mgeni namba saba, na kwa mujibu wa kanuni mgeni hutembea nyuma ya kiongozi. Basi akawa ananong'ona mgongoni kwa mkewe: "Kushoto, mama. Shika mzizi, usishike jiwe." Naye mama anapaza sauti: "Tunakwenda kushoto! Tunashika mzizi, hatushiki jiwe!" Wageni wakasifu sana uzoefu wake.

Mtoni walimkuta mama mmoja akimwagilia mboga zake. Alipomwona Breki akatupa ndoo.

"Haa, shemeji! Umepotea mno! Mkeka wako bado ninao."

"Mkeka?" mkewe akauliza, kwa sauti ya chini ambayo mume yeyote angeona afadhali atukanwe.

"Si ule wa kulalia!" Mama wa mboga hakujua ameuwasha moto gani. "Kila siku akifika hapa anaogelea kama bata, halafu analala chini ya jiwe lile, saa sita mpaka saa tisa. Mume wangu ndiye aliyekuwa akimwamsha. Bila hivyo angelala mpaka kesho."

Breki aliutazama mto kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Mkewe alimtazama magoti, la kulia, kisha la kushoto. Akakiweka sawa kitambulisho kifuani, akawageukia wageni.

"Hapa ndipo barua zilipokuwa zinachelewa."

Wageni wakacheka, wakidhani ni sehemu ya ratiba. Mkewe naye akacheka, akacheka mpaka ikambidi akae. Akavua viatu, akatia miguu majini.

"Pazuri hivi," akasema, "na hukunileta hata siku moja?"

Masikio ya Breki yaliwaka moto. Kufeli mtihani hakukumuuma namna hii. "Nilijua utasema siendi kazini."

"Ningesema kweli," mama akajibu. "Lakini ungenileta."

Breki alikaa kando yake, akaanza kufungua kamba za viatu.

Sasa mama anaongoza wageni mara mbili kwa wiki, na jina lake linaulizwa mpaka mjini. Breki amekataa katakata kurudia mtihani. Badala yake anajiandikisha kila safari, mgeni namba saba, au tisa, au namba yoyote itakayobaki, na anatembea nyuma. Taarifa ya mwaka ya halmashauri ilitaja kwa fahari kwamba kuna mgeni mmoja aliyerudi korongoni mara sabini na nne, ushahidi tosha kwamba vibao vimefanya kazi. Mkufunzi akatumwa kumhoji ajue ni nini hasa kinachomvutia.

"Kiongozi," Breki akasema, akaomba hilo liandikwe.