Nilimpa mwanafunzi jina la mwenzake shuleni Simanjiro, nimekutana na jina hilo Brussels

Wakuu, heshima kwenu wote, wa zamani na mliojiunga jana.

Niweke wazi mapema: hii siyo chai, siyo stori ya kutunga. Chai za humu nimezinywa miaka mingi, na nyingine nimezitia sukari mwenyewe. Ya leo naapa kwa kaburi la baba haina hata jani moja.

Picha hakuna, msiombe. Majina ya dada wawili mtakaowasoma hapa nimeyabadilisha, shule siitaji. Mods, naomba msiutupe uzi kule kwenye vichekesho.

Nipo Brussels mwaka wa sita. Naishi Schaerbeek, na kazi yangu ni kusukuma wagonjwa kwenye hospitali moja kubwa kule Jette. Natoa mtu wodini nampeleka X-ray, namrudisha, nachukua mwingine. Msinihurumie, bili zinalipwa.

Sasa turudi nyuma miaka kumi na tano na ushee.

Nilikuwa nimemaliza form six, nasubiri matokeo. Mjomba wangu alikuwa anamfahamu mwalimu mkuu wa shule moja ndani kabisa Simanjiro, ndani ambako hata lori la maharage lilikuwa linapita mara moja kwa wiki. Walimu wawili, madarasa saba. Nikaenda kujitolea.

Nilifika na begi kubwa la mgongoni ambalo sikulivua siku nzima kwa kuogopa kuibiwa. (Niibiwe na nani jamani? Ng'ombe?) Watoto wakanibatiza Mwalimu Kobe. Jina likakaa.

Network ilikuwa inapatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya vyoo vya wavulana. Mkumbuke hicho kichuguu, tutakirudia.

Nilipewa Hisabati ya la saba. Wanafunzi ishirini na wanne, na anayewaongoza wote ni binti wa Kimasai, hapa tumwite Nashipai. Huyo mtoto alikuwa anamaliza hesabu kabla sijamaliza kuandika swali ubaoni, halafu anakukazia macho kama anayekudai.

Likizo ya Juni ikaisha, Nashipai hakurudi.

Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili mwalimu mkuu akasema wakati wa chai, "Huyo keshaolewa. Ndiyo zao hawa."

Mimi nikatikisa kichwa, nikasikitika, nikaendelea na uji wangu. Wakuu, hapo ndipo pa kunipiga mawe. Hakuna aliyekwenda kuuliza. Boma lao lilikuwa mwendo wa saa nne kwa mguu, na mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini ninayecheza mpira kila jioni.

Mkuu alikuwa na wasiwasi mwingine. Jina la Nashipai lilishakwenda kwenye usajili wa mtihani na namba limepewa. Siku ya mtihani kiti kikikaa kitupu, wilayani wataanza maswali ya utoro.

Na kulikuwa na binti mwingine, Neema. Baba yake Mnyiramba, mlinzi kwenye mashamba ya maharage. Walihamia pale usajili ukiwa umefungwa, hana hata barua ya uhamisho. Anasoma na la saba lakini hayupo kwenye list. Mtihani atausikia dirishani.

Aliyetoa wazo ni mimi. Msimsingizie marehemu mkuu, ni mimi Kobe. Nilisema hivi: "Mkuu, kiti kipo, na mtoto yupo."

Akafikiri kidogo, akacheka, akanigonga bega.

Kuanzia siku hiyo nilimfundisha Neema kuitwa Nashipai. Nikiita register naita Nashipai, yeye anasimama, "Nipo mwalimu!" Akisahau, darasa zima linarudia naye. Watoto wanacheka, mimi nacheka. Mwezi na nusu mpaka akawa anageuka hata akiitwa kwa nyuma.

Mwisho wa Agosti nikaondoka, chuo kilikuwa kinakaribia. Mtihani ukafanyika Septemba mimi sipo. Baadaye mkuu akanipigia akiwa kichuguuni: mtoto kafaulu, kapata sekondari.

Wakuu, hii stori nimeisimulia chuo, nimeisimulia kwenye bia, nimeisimulia hata kwa mwanamke niliyekuwa namtaka. Mtoto wa mlinzi niliyemwokoa. Nilikuwa namalizia kwa kusema wema hauozi, watu wanatikisa vichwa.

Haya, turudi Jette.

Kazini kuna mama mmoja Mkongo wa Bukavu, sisi wote tunamwita Maman Odette. Anasafisha ghorofa zote na anajua habari za ghorofa zote. Mwezi uliopita ananiambia, "Mutoto yangu, kuko infirmière moya wa mupya kule quatrième, ni mutu ya kwenu, Tanzanie. Wende umusalimie, donc, usibakiye peke yako kama mufungwa."

Zamu ilipoisha nikaweka begi langu mgongoni, nikapanda ghorofa ya nne. Dada kavaa sare nyeupe ya unesi, anaandika kwenye faili, mgongo kanipa. Nikamsalimia kwa mbwembwe, "Mambo vipi mtu wa nyumbani!"

Akageuka. Macho yangu yakaenda kwenye kitambulisho kifuani.

Nashipai. Na jina la baba lilelile.

Nikasema moyoni, majina yanafanana. Nikaangalia sura. Siyo ya Nashipai. Ni sura ya Neema imekua.

Yeye akaangalia begi langu mgongoni, akasema polepole, "Mwalimu Kobe."

Nilikaa kwenye kitanda cha kusukumia, kitanda kikaanza kwenda chenyewe, akakikamata. Maman Odette alipopita akashangaa, "Eeh, njo nini? Umeona mufu?"

Nilitegemea shukrani, nisiwadanganye. Nilishaanza kutengeneza uso wa unyenyekevu.

Neema akasema, "Mwalimu, nimekutafuta miaka minne. Jumapili tuonane."

Tulikutana Ixelles, kwenye mgahawa wa Mburundi mmoja unaopika maharage yanayoeleweka. Hakuagiza kitu. Akaanza moja kwa moja.

"Alirudi, mwalimu."

Nani?

"Mwenye jina. Alirudi siku ya mtihani."

Nilishusha kijiko.

Ilikuwa hivi. Nashipai hakuwa ameolewa. Bibi yake aliugua kule walikohamishia ng'ombe kwa ajili ya ukame, na yeye ndiye aliyepelekwa kumuuguza. Bibi alipopata nafuu akaomba ruhusa arudi kufanya mtihani. Katembea siku mbili. Kafika asubuhi ya siku ya kwanza, karatasi ya kwanza imeshaanza.

Neema alikuwa amekaa karibu na dirisha. Akainua macho akamwona nje, vumbi mpaka magotini, penseli mkononi imechongwa ncha zote mbili.

Wakaangaliana. Nashipai akasoma kile kikaratasi cha namba na jina kwenye kona ya meza. Jina lake.

"Nikainamisha kichwa nikaendelea kuandika," Neema akaniambia. "Nilikuwa na miaka kumi na nne. Nikasema nikisimama, nimekwisha. Nikaandika."

Mgambo aliyekuwa analinda mtihani akamsogeza yule mtoto. Mkuu akatoka, akaongea naye kidogo karibu na mlingoti. Nashipai akaondoka.

Nikauliza swali la kijinga: akaenda wapi?

"Nyumbani. Baba yake akasema basi shule imekwisha. Desemba ndiyo akaolewa."

Wakuu, wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Sisi tulisema kaolewa, na lile neno tukalitengenezea njia wenyewe.

Nililia palepale, mwanaume na ndevu zangu. Mburundi akaniletea tissue na pilipili kwa pamoja, nadhani hakujua tatizo ni lipi.

Halafu ndiyo Neema akasema kilichomfanya anitafute.

Miaka minne iliyopita, kabla hajaja huku, alikwenda Simanjiro kumtafuta mwenzake. Akamkuta shuleni. Shule ileile. Nashipai anafundisha watoto wa awali. Hana mshahara, anajitolea, kijiji kinampa mahindi. Watoto wanakuja hawajui Kiswahili, anawaingiza kupitia Kimasai, wakifika la kwanza wanaelewa. Mkuu mpya mwenyewe anasema bila huyo mama lile darasa halipo. Tangu siku ile Neema akaanza kunitafuta, ili mwenzake arudishiwe jina lake.

Na sasa wilaya inataka kila anayejitolea awe na cheti, angalau cha kumaliza la saba. Asiye nacho asionekane darasani kuanzia muhula mpya.

Nashipai kaenda kufuatilia cheti chake. Kaambiwa kilishachukuliwa, na saini ipo kitabuni.

Amebishana mpaka akaambiwa aache kujifanya mtu mwingine. Yeye, Nashipai, aache kujifanya Nashipai!

Mwalimu mkuu wa wakati ule alishafariki. Yule mwalimu wa pili hajulikani alipo. Mwalimu aliyebaki anayeweza kuiandikia wilaya "mimi nilifanya hivi" ni mmoja tu, na ndiye anayewaandikia uzi huu.

Nikamuuliza Neema, na wewe je? Vyeti vyako, kazi, makaratasi ya hapa? Vyote vina lile jina.

"Nimeshaongea na wakili. Kasema inaweza kunigharimu kila kitu, inaweza isinigharimu. Mwanangu ana miaka mitatu, mwalimu. Siku za karibuni ananiuliza jina langu. Nashindwa kumjibu. Andika."

Nisiwafiche, sikuandika siku hiyo. Wala wiki hiyo. Na mimi faili langu la uraia lipo commune, yaani manispaa, na hapa nakiri kughushi usajili wa mtihani wa taifa. Nilijiambia mambo ya kale, watu wamesonga mbele, nani atanilaumu. Nilianza hata kupanda ngazi za upande wa pili ili nisipite ghorofa ya nne.

Jumapili iliyopita Neema akanipigia, "Njoo nyumbani, kuna mtu anataka kukusalimia."

Nilivyofika akanipa simu, video imeshaunganishwa. Mwanamke anayeonekana wa rika langu, shuka jekundu, upepo unampiga. Nyuma yake nikaona paa la vyoo. Alikuwa amesimama juu ya kichuguu kilekile, wakuu. Miaka yote hiyo network haijahama.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilitaka kuomba radhi, nilitaka kujieleza kwamba nilikuwa kijana, kwamba mkuu alisema.

Nilisubiri anitukane. Ningemshukuru.

Yeye akanikazia macho yaleyale ya kudai.

"Mwalimu Kobe," akasema, "nilipata ngapi Hisabati?"

Sikuelewa. Nikamwangalia Neema. Neema alikuwa ameziba uso kwa kanga.

"Najua nilifaulu, niliambiwa," Nashipai akaendelea. "Lakini hakuna aliyeniambia nilipata ngapi."

Neema akajibu akiwa bado amejiziba, "A, dada. Ulipata A."

Kule kichuguuni Nashipai akageuka, akawapigia kelele kwa Kimasai watoto waliokuwa chini, na watoto wakashangilia. Mimi nilisikia neno moja tu, Hisabati.

Akarudi kwenye simu, "Sawa mwalimu. Network inakata." Ikakata.

Barua niliiandika palepale kwenye meza ya Neema, kurasa mbili kwa mkono. Jana nimeipeleka posta kwa rejista iende wilayani, na nakala moja ipo kwa wakili wake. Nimeweka jina langu kamili na namba ya pasipoti. Muhula mpya unafunguliwa wiki tatu zijazo. Kama itawahi sijui. Kama Neema atabaki kazini sijui. Kama na mimi nitabaki, sijui.

Nilichojifunza, na nakisema kwa aibu: nilikwenda porini nikidhani nimebeba msaada, na kwenye lile begi lote sikuwa nimebeba swali moja, "Huyu mtoto yuko wapi?" Mwendo wa saa nne tu.

Walimu wa kujitolea mliomo humu, kabla hujafuta jina la mtoto, nenda kwao kwanza.

Mnaojua taratibu za wilayani au baraza la mitihani, barua kama hii ikifika inashughulikiwa vipi? Nani wa kumfuata asiikalie? Wenye matusi leteni pia, nitayasoma yote.

Ila mkimtaja humu, mwiteni Mwalimu Nashipai. Ana A ya Hisabati.