Ngumi ya Mama wa Ubatizo

Saturnina Ccahuana hakuwahi kuangushwa. Kwetu Chumbivilcas, juu huku kwenye milima ya Peru ambako nyasi ni fupi na watu ni wakavu kama nyasi zao, hilo lilijulikana kama jina la mtakatifu wa kanisa. Angali na meno ya utoto, baba yake alimfunga ngumi kwa uzi wa sufu, akamsukumia uwanjani siku ya Krismasi, siku ambayo kwetu wenye ugomvi huumaliza kwa ngumi: "Nenda kampasue, kisha mkumbatie." Wezi wa ng'ombe walipomuua mumewe, aliwafuata kwa farasi mpaka bondeni, akarudi na mmoja wao amefungwa nyuma ya tandiko, taya limevunjika. Jumapili iliyofuata aliwafundisha watoto katekisimu kwa mkono uliovimba.

Ndiyo maana Leocadia alimchagua awe mama wa ubatizo wa binti yake, Edelmira. "Mwanangu naye apate mtu wa kumwogopa," alisema, wakacheka. Tangu hapo waliitana komadre, kama waitanavyo wanawake waliounganishwa na mtoto mmoja kwenye kisima cha ubatizo, na udugu huo kwetu hauvunjwi.

Mama wa ubatizo ana haki ya mjeledi. Edelmira alipokuwa msichana wa shule alionekana nyuma ya zizi akimbusu mwenzake wa kike. Saturnina alimchapa mpaka blauzi ikagandamana na mgongo. Alichapa huku akilia. Siku ya ubatizo aliulizwa kama ataisaidia imani ya mtoto huyu, akaitikia; na aliamini kwamba siku ya hukumu atakayeulizwa ni yeye. Msichana alipanda lori akaenda Arequipa, kutoka huko Buenos Aires, ambako sheria inaruhusu, akafunga ndoa na mwanamke aitwaye Rocío.

Mwaka huu alirudi kula Krismasi kwa mama yake, na Rocío akaja naye.

Redio ya Lima, mji mkuu, ilikuwa ikibishana kutwa juu ya ndoa za namna hiyo, ziruhusiwe au zisiruhusiwe. Jumapili ya mwisho ya Majilio, Saturnina alisimama mlangoni pa kanisa mbele ya watoto wa katekisimu.

"Lima waandike watakavyo," alisema. "Uchafu ule hautapita mlango huu. Na wewe komadre, unayeupikia supu, usitie mguu altareni."

Leocadia alishika njia ya nyumbani. Lakini Krismasi, baada ya Misa, ngoma zilipolia na waliovaa vinyago vya sufu wakaanza kuitana wapigane kwa sauti nyembamba, aliingia katikati ya uwanja, mwanamke mfupi ambaye maisha yake yote hakuwahi kupigana.

"Saturnina Ccahuana! Toka!"

Watu waliangua kicheko. "Leocadia, umeshaaga nyumbani?"

"Jamani, pombe ya chicha ya matanga nani analeta?"

Saturnina hakuinuka. Haikuwa hofu. Kwetu wanaopigana Krismasi lazima wakumbatiane, na jambo lililokumbatiwa limekufa. Anayelifukua hufukuzwa kama mbwa mwizi. Akipigana, hatamsema Edelmira tena mpaka kaburini. Alijua ataitwa; asubuhi alikuwa amemweleza Padri.

"Nikipigana nitafungwa mdomo, Padri. Nami niliahidi mbele ya Mungu."

"Uliahidi kuilinda imani, mama, hukuahidi kutukana. Ndoa ni ya mume na mke; hilo si langu kulibadilisha, wala sitaki. Lakini binti yule alipakwa mafuta yaleyale uliyopakwa wewe. Si uchafu."

"Kwa hiyo nipigane?"

"Nikikukataza kumtukana utanisikia?"

"Hapana, Padri."

Sasa uwanja mzima ulikuwa ukiimba, "Kuku mwoga! Kuku mwoga!" Leocadia alisogea mpaka mbele yake.

"Rozari nasali kama wewe," alisema. "Sikukuomba uibariki ndoa yao. Hata mimi usiku najiuliza niiweke wapi. Ila umemwita mwanangu uchafu mbele ya watoto unaowafundisha kwamba Mungu ndiye aliyemuumba. Inuka, au kaa na woga wako mpaka uoze."

Akamtemea mate miguuni.

Saturnina akainuka.

Ngumi ya kwanza ilimpata Leocadia shavuni, ikalia kama ubao unaopasuka. Ya pili ilichana nyusi. Damu ilimfunika jicho, naye akaja hivyohivyo, nusu kipofu, akirusha mikono kama anayefukuza nyuki, mpaka kiganja kikampata Saturnina mdomoni na jino likalegea. Saturnina alionja damu yake mwenyewe. Alimtandika tumboni, kifuani, sikioni. Leocadia alianguka, akainuka, akaanguka tena.

"Kaa chini, komadre!" Saturnina alifoka. "Kaa chini!"

"Sikai!"

Leocadia alipokuwa bado amepiga magoti, Saturnina alimshushia ngumi ya kisogo. Aliyeanguka hapigwi. Mjeledi wa mwamuzi wa mapigano ulitua mgongoni mwa Saturnina, mara mbili, nguo ikapasuka, naye akapiga yowe ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Pembeni, Edelmira aliinamisha macho.

"Kumbatianeni!" mwamuzi aliamuru.

Leocadia alifungua mikono. Haikunyooka. Saturnina alisimama akihema, na watu wakasogea, maana angeweza kugeuka aondoke. Jambo libaki hai, na komadre awe amekufa kwake.

Akaingia mikononi mwa Leocadia.

"Nitamwombea," alisema sikioni mwake.

"Ombea. Kimya lakini."

Saturnina aliketi kwenye jiwe akitema damu. Edelmira alimletea maji, kisha, kama afanyavyo kila mtoto wa ubatizo siku ya Krismasi, akapiga magoti apokee baraka. Rocío, mgeni asiyejua desturi, alidhani ndivyo wanavyofanya wote, akapiga magoti kandokando yake, mabega yakigusana.

Mkono wa Saturnina uliganda hewani. Vidole vilikuwa vimevimba, havikunjuki. Angesema nini? Maneno yake yote ya jambo lile yalikuwa yamezikwa pale uwanjani.

Alichora msalaba mmoja, mpana, juu ya vichwa viwili, bila kufumbua mdomo. Kisha akaomba maji tena.